Krismasi tatu Ujerumani: nyota ya karatasi, pilau lisilo na mgeni, na mtoto tuliyemwacha Tukuyu

#1 Mama Mbalaga (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Wakuu, heshima kwenu. Shikamooni mnaostahili, na wanaostahili kuniamkia nao wasijifanye hawanioni.

Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, zile wiki za kungoja Krismasi. Nimeshinda nikifungua maboksi ambayo sijayagusa tangu tuliporudi Agosti, na kwenye moja nikaikuta nyota. Nimeona niandike kabla ubize wa sikukuu haujaanza, kwa sababu ukisema "familia ya mmisionari" watu humwona mzungu mwenye kofia anashuka melini. Safari hii mmisionari alikuwa mume wangu, mtoto wa Rungwe kabisa, na waliokaa kwenye mabenchi kumsikiliza walikuwa Wajerumani.

Kwa wasiojua: sisi ni Wamoravian. Wamisionari wa kwanza wa kanisa letu walifika Rungwe mwaka 1891. Walitumwa kutoka Herrnhut, mji mdogo sana wa Saxony, mashariki ya Ujerumani, karibu na mipaka ya Poland na Czech. Mji wenyewe ulianzishwa 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia, ndiyo maana na sisi Wanyakyusa tunaitwa kwa jina la nchi ambayo wengi wetu hatuwezi kuionyesha kwenye ramani. Septemba 2022 tukaifuata njia ile ile, ila kwa kuirudi. Mume wangu alipewa miaka mitatu kuhudumu kwenye shirika (makanisa) za vijijini, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Herrnhut.

Tulikwenda wanne. Mimi, yeye, binti wa miaka tisa, na kitindamimba aliyekuwa na minne. Kifungua mimba tulimwacha. Alikuwa kidato cha tatu, yuko bweni, mtihani wa taifa unamsubiri mwaka unaofuata. Tungemchukua angekaa darasani na miaka kumi na sita hajui hata kuomba maji kwa Kijerumani. Kikao cha ukoo kikakaa, wajomba wakasema, mashangazi wakasema, ikaamuliwa abaki na likizo awe anaishi kwa bibi yake Tukuyu. Kikao ndicho kilichoamua, lakini aliyefunga zipu ya sanduku na kuliacha godoro la mtoto limesimamishwa ukutani ni mimi.

Sasa niwapeleke Desemba.

Sisi wa Tukuyu hujisifu kwamba baridi tunaijua. Kule nilinyamaza. Jua linachomoza saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, na katikati hapo mara nyingi hulioni. Binti yangu alikuwa anatoka kwenda shule gizani, na nikigeuka kupika chai ya jioni, giza limesharudi. Wiki ya kwanza nilidhani naumwa. Halafu Jumapili moja, tarehe 27 Novemba, usiku mmoja tu, kila dirisha la mtaa likawaka. Wengine matao ya mbao yenye mishumaa saba ya umeme, wengine nyota kubwa zenye miiba kama nungunungu. Nikamuuliza mume wangu, "Hawa watu walikuwa wapi siku zote?" Nyumba zilizokuwa kama hazina mtu kumbe zilikuwa zinasubiri tarehe.

Ile nyota asili yake ni huko huko kwa Wamoravian. Ina pembe 25: 17 zenye pande nne na 8 zenye pande tatu. Haiji ikiwa nzima, inakuja kwenye boksi, bapa, unaiunga mwenyewe kwa vibanio vidogo vya shaba. Wazee wa ushirika walituletea moja ya njano na nyekundu. Tuliiunga Jumamosi nzima, mezani, watoto wanagombania pembe, baba yao anasoma maelekezo kwa sauti kama anasoma waraka wa Paulo. Ilipowaka kitindamimba akapiga makofi na kusema, "Mama, mpigie kaka aione."

Nikampigia. Kwao ulikuwa mgao wa umeme, simu haina chaji.

Nitaendelea, ngoja nigeuze ndizi.

#2 Mangi Bila Shamba

Nimeweka kiti na kahawa kabisa. Ila mama mchungaji, kwetu Moshi Krismasi nje ya nyumbani ni kosa la jinai. Unasamehewa kwa kuwa ulikuwa kazini kwa Bwana.

#3 Kizito wa Keko

Uzi bila picha ni sawa na chai bila sukari. Tunaomba picha ya theluji na ya hiyo nungunungu.

#4 Mtanga wa Hamburg

Mama shikamoo. Umenikumbusha mwaka wangu wa kwanza. Hapo kwenye giza umesema kweli tupu, mimi nilikwenda mpaka kwa daktari, akaniandikia vitamini D akacheka. Tueleze ya tarehe 24, kwa sababu najua lazima uliingia mtego ambao sisi wote tumeingia.

#5 Mama Mbalaga

Marahaba Mtanga. Niliingia, tena kwa miguu miwili. Lakini nianze na viatu.

Usiku wa tarehe 5 Desemba watoto wa kule wanasafisha kiatu na kukiacha nje ya mlango. Asubuhi ya tarehe 6, siku ya Mtakatifu Nikolai, wanakuta njugu, machungwa, chokoleti. Mimi sikuwa na habari. Mwalimu wa chekechea alikuwa amemwelekeza kitindamimba, naye kwa kuwa ni mtoto wa Tukuyu akachagua chombo kikubwa kuliko vyote ndani ya nyumba, buti la mvua la baba yake. Akaliweka nje. Saa nne usiku nafunga mlango naliona buti liko barazani linaingia theluji. Nikasema hawa watoto mali hawaijui thamani. Nikaliingiza ndani, nikalikausha juu ya kipasha joto.

Jirani yetu wa ghorofa ya juu alikuwa ameandaa zawadi. Akashuka usiku kwa kunyata, akakuta mlango hauna kiatu. Mama wa watu hakujua afanye nini, akaning'iniza mfuko kwenye kitasa na karatasi imeandikwa, "Nikolai hakuona buti." Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mtoto hakucheka. Aliniuliza kwa ukali kama ningekuwa Mariamu ningewarudisha na mamajusi.

Sasa tarehe 24.

Kwetu mkesha wa Krismasi ni siku ya mbio. Unasuka, unachinja, mashati yanapigwa pasi, usiku kanisani, na kesho yake tarehe 25 mlango haufungwi, anaingia unayemjua na usiyemjua, na sufuria lisipobaki ukoko mwenye nyumba anajiona hakupika vizuri. Kule sikukuu yenyewe hasa ni jioni ya 24. Maduka yanafungwa mchana. Mwaka ule 2022 ile 24 ilikuwa Jumamosi, ikafuata Jumapili, na Jumatatu ya 26 nayo ni sikukuu kwao, kwa hiyo ukikosa chumvi mchana wa Jumamosi, utaipata Jumanne. Ibada zinaanza alasiri. Mume wangu alikuwa na tatu, vijiji vitatu, kwenye barabara ya barafu ambayo leseni yake ya Mbeya haijawahi kuifikiria.

Na hapa niwaambie kitu. Upande ule wa Ujerumani ulikaa miaka arobaini chini ya serikali ya kikomunisti. Wengi hawajabatizwa, wala wazazi wao. Jumapili ya kawaida mume wangu anahubiri watu kumi na wanane, wengi wana umri wa mama yake. Lakini 24 alasiri kanisa linajaa mpaka watu wanasimama ngazini. Wanakuja kuwaona watoto wakiigiza Yusufu na Mariamu na wachungaji wa kondoo. Mwaka ule gesi ilikuwa imepanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, makanisa mengi yakapunguza joto, watu wamekaa na blanketi magotini. Tarehe 25 asubuhi wakarudi wale kumi na wanane. Mume wangu alirudi nyumbani akasema, "Jana nilihubiri taifa, leo nimehubiri familia."

Mimi nilipika. Mtanga anajua ninachotaka kusema. Nilipika pilau la watu ishirini, kuku wawili, kachumbari, chapati, kwa kuwa nyumba ya mchungaji siku ya Krismasi nayo haifungwi mlango, nilijua hata Wajerumani ni watu. Tarehe 25 mchana nimekaa na vitenge vyangu vipya. Saa saba, saa nane. Ngazi hazina hata mguu. Kitindamimba yuko dirishani: "Mama, wanapita na mbwa tu."

Kule siku ile mtu haendi kwa mtu bila mwaliko. Si kiburi. Wanaona ni kumwingilia mwenzao na familia yake. Lakini nani aliniambia?

Saa tisa nikachoka. Nikachukua sahani zote za udongo, nikapakua, nikafunika na karatasi ya fedha, nikampa binti yangu: peleka juu, peleka kushoto, peleka kwa yule mzee wa bustani. Nikasema kama hawaji kula, chakula kitawafuata. Siku mbili zikapita kimya. Siku ya tatu sahani zikaanza kurudi, na hakuna iliyorudi tupu. Biskuti za mdalasini, kipande cha Stollen (ule mkate wao mzito wa zabibu kavu, uliomwagiwa sukari ya unga kama umeangukia kwenye majivu), chupa ya jamu. Nilishangaa. Mama yangu alinifundisha chombo cha jirani hakirudi kitupu nikidhani ni sheria ya Kinyakyusa.

#6 Kizito wa Keko

"Chakula kitawafuata" 😂😂 Mama wewe ndiye uliyepaswa kuwa mmisionari, mzee angebaki kukaanga vitunguu.

#7 Sina Dini Nina Swali

Naheshimu simulizi. Lakini tuseme ukweli, mlikuwa mnalipwa euro, nyumba ya kanisa, shule bure. Kuna wachungaji wako huko Makete wanakula viazi Krismasi na hawana uzi.

#8 Mama Mbalaga

Karibu ndugu yangu. Posho ilikuwepo na ilitosha, siwezi kudanganya. Shule bure ni kweli. Ila subiri ufike Desemba ukiwa ughaibuni. Kuanzia tarehe 10 simu inaanza: "Shemeji, Krismasi vipi huko?" Hilo si swali la Krismasi. Kuna bati la mjomba, kuna ada ya Januari ya mtoto wa dada, kuna ushirika mmoja unataka vipaza sauti kabla ya mkesha. Watu wanaona theluji kwenye picha wanadhani ni sukari. Mwaka wa kwanza tulituma mpaka tukabaki na nauli ya basi. Mwaka wa pili nikajifunza kusema "tunaomba kwa pamoja."

Na huyo wa Makete hata mimi namwonea wivu kwa jambo moja: watoto wake wote wako mezani.

#9 Mtanga wa Hamburg

Mama, nyie wa Mashariki mna mila zenu za ajabu. Huku kwetu Kaskazini sijawahi kuona ibada za Kimoravian. Ni kweli wanakula kanisani?

#10 Mama Mbalaga

Wanakula, ndiyo. Karamu ya upendo: chai na mkate mtamu, mnapitishiana kwenye mabenchi huku mnaimba. Kanisa lao halina madoido. Ukumbi mweupe, mabenchi meupe, hakuna mimbari ya juu, mchungaji anakaa mezani kama mwalimu wa zamu. Nilipoingia mara ya kwanza nilijua niko nyumbani, kwani na tarumbeta zao ni zile zile zetu, isipokuwa wao hawachezi hata bega.

Ila niwasimulie ya mishumaa, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mkesha wa Krismasi Wamoravian wanawagawia watoto mishumaa inayowaka. Inasemekana mwanzo wake ni ibada ya watoto mwaka 1747 mahali paitwapo Marienborn, askofu Johannes de Watteville alipompa kila mtoto mshumaa wenye utepe mwekundu. Mwaka ule wa kwanza, mzee wa kanisa alikuwa mlangoni na trei, anagawa kwa hesabu. Akaniuliza kwa taratibu, kwa kuwa Kijerumani changu kilikuwa cha sokoni, "Watoto wangapi?"

Nikamjibu, "Watatu."

Sikukosea lugha. Namba hiyo niliijua. Nimejibu hivyo hospitali, ofisi za kijiji, kwenye sensa ya Agosti mwaka ule ule. Akanipa mishumaa mitatu. Wawili wakachukua yao, wa tatu ukabaki mkononi mwangu. Taa za ukumbi zikazimwa, watoto wote mbele na vijimoto vyao, na mimi mama mzima wa miaka arobaini na mbili nimesimama safu ya nne na mshumaa wa mtoto. Mzee akanitazama, akatazama watoto wangu wawili, akaelewa. Hakuuchukua.

Ile usiku tukampata mwanangu hewani. Kwetu saa tatu, Tanzania saa tano. Mvua inapiga bati la bibi yake mpaka nasikia nusu maneno. Nikauliza umekula, kasema ndiyo. Umevaa nini, kasema shati la bluu. Kwa nyuma nikasikia tarumbeta. Akasema, "Mama, wenzangu wananingoja, tunakwenda mkesha, mpigie picha theluji unitumie," akakata. Dakika mbili na sekunde kadhaa.

Nikamwambia mume wangu, tumejitesa bure. Mtoto ana bibi, ana wenzake, ana tarumbeta na mvua. Walioachwa ni sisi.

#11 Kipepeo wa Kalemie

Mama, nimekaa kimya tangu uzi uanze, sasa niruhusu.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Kanisa lilimtuma kutoka Tabora avuke Ziwa Tanganyika kwenda upande wa Kalemie, Kongo. Huko hakukuwa na euro. Hakukuwa na mshahara wa kueleweka. Walimjengea nyumba ya udongo na washirika wakawa wanamlisha. Krismasi wao huita Noeli, na Noeli ya mmisionari ilikuwa bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki migebuka kama ziwa lilikuwa na ukarimu. Mama alikuwa ananisimulia kwamba walimletea kuku mmoja na yule kuku alitoka kwa mjane, wakashindwa kumchinja wakamfuga.

Mimi nilibaki Tabora kwa shangazi, nisome. Hakukuwa na simu. Barua zilipewa mtu wa boti Kigoma, akikumbuka. Kuna Krismasi moja barua ilifika mwezi wa tatu, ndani kuna noti ya Zaire ambayo hata kwao ilikuwa imeshapoteza thamani. Ninayo mpaka leo.

Vita vilipofika pande zile mwishoni mwa miaka ya 90 wakarudi. Baba akanikuta namzidi urefu. Alinipa mkono kama mgeni. Mimi simlaumu, kazi aliyofanya ipo. Nina swali kwako tu: una uhakika kijana wako alikuwa anakwenda mkesha?

#12 Mangi Bila Shamba

Aisee Kipepeo. Nimeiweka kahawa chini.

#13 Mama Mbalaga (Jumanne, saa 11:55 alfajiri)

Kipepeo, nimelala vibaya kwa ajili yako, lakini nakushukuru. Ndaga fijo.

Nijibu kwa njia ndefu.

Januari 2023, baada ya Epifania (sikukuu ya mamajusi), mzee mmoja wa ushirika alitupeleka Kleinwelka. Ni kijiji karibu na Bautzen, kama saa moja kwa gari. Nilidhani tunakwenda kuona kanisa. Akatuonyesha majengo makubwa ya zamani, yenye madirisha mengi mengi, akasema hapa palikuwa shule ya bweni ya watoto wa wamisionari. Wazazi walikuwa Greenland, Labrador, Suriname, Afrika Kusini. Mtoto akifika miaka sita au saba alipandishwa meli, akaletwa hapa asome Kijerumani na kuwa Mjerumani, na kuna waliokaa miaka kumi bila kumwona mama. Wengine walikutana na mama aliyeishi, wengine walikutana na habari ya kaburi. Hata wale wa kwetu, waliokuja Rungwe na Mbozi na Utengule, watoto wao walirudishwa Ujerumani kusoma.

Sisi Rungwe kila mwaka tunaimba sifa za 1891. Tunajua nani alijenga nini, nani alitafsiri nini. Sijawahi kusikia hata mahubiri moja yakiuliza watoto wao walikuwa wapi.

Halafu akatuambia habari ya nyota. Ilianza kwenye shule za bweni za Wamoravian, karne ya 19, huko Niesky, kama zoezi la hesabu, watoto wajifunze maumbo kwa mikono. Baadaye ikawa desturi, Jumapili ya kwanza ya Majilio watoto wa bweni, wengi wao wa wamisionari, wanakaa na karatasi na gundi wanatengeneza nyota zao. Ile Majilio wengine wanangoja Krismasi ifike. Wao walikuwa na mtu mwingine wa kumngoja.

Mimi nyota ile niliifurahia mwezi mzima, nikaipiga picha nikamtumia mwanangu. Nilimtumia aliyeachwa nyota ya walioachwa na sikujua ninachofanya. Njia nzima ya kurudi sikuongea. Mume wangu naye alikuwa anaendesha, kazi yake ni barafu.

Mwaka wa pili, 2023, tarehe 24 Desemba iliangukia Jumapili, kwa hiyo Majilio ya nne na mkesha vikawa siku moja, asubuhi ibada ya kungoja na alasiri ya kupokea. Pilau nilipika la watu sita, nikawaalika kwa kadi wiki mbili kabla, wakaja dakika tano kabla ya saa, wamebeba maua. Nimejifunza. Mwanangu alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliotangulia. Mwaka wa tatu hauna la kusimulia, tulikuwa tunahesabu miezi.

Tuliporudi Agosti ndipo aliponiambia. Tulikuwa tunamenya viazi, wala si mazungumzo ya maana. Akasema, "Ile Krismasi ya kwanza sikwenda mkesha." Zile tarumbeta zilikuwa redio ya bibi. Alikuwa barazani, mvua, akaona akiendelea dakika ya tatu nitasikia sauti yake. Akakata. Akakaa pale mpaka bibi akamwita ndani.

Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Mngerudi."

Basi, Kipepeo, ndilo jibu.

#14 Sina Dini Nina Swali

Mama pole. Kweli pole. Ila niseme la moyoni, usinichukie. Hao wa 1891 walikuja jirani na bendera ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani. Watoto wao walipelekwa shule nzuri, wa kwetu walibeba mizigo yao kutoka Ziwa Nyasa kupanda milima. Na watoto wa Kinyakyusa nao waliwekwa kwenye bweni za misheni wakaambiwa ngoma za baba zao ni dhambi. Kilio cha Kleinwelka nimekielewa, ila hicho kingine nani anakipigia picha?

#15 Mama Mbalaga

Sikuchukii. Wamisionari walitangulia Rungwe kabla ya boma la Neu-Langenburg, yaani Tukuyu yetu, kujengwa, lakini ni kweli kwamba Biblia na bendera hazikukaa mbali mbali kwa muda mrefu. Na hapo Herrnhut kuna makumbusho ya vitu vilivyobebwa na wamisionari kutoka kila pembe ya dunia. Nilipita mle ndani polepole sana. Mume wangu aliwahi kusema madhabahuni kwao, kwa adabu, kwamba amekuja kushukuru na pia kuuliza. Wengine walikunja uso. Wengine walimfuata nje wakasema wao pia wanauliza.

Lakini mtoto wa miaka sita aliyepandishwa meli hakuja na bendera yoyote. Na wa kwangu hakuwa na Kaiser. Sisi ndio tuliomwacha, na kanisa letu wenyewe ndilo lililotutuma. Nikipewa nafasi kwenye mkutano wa jimbo nitalisema: mkituma familia, muulize kwanza ni wangapi, na tiketi ziwe idadi hiyo hiyo, au walau moja ya likizo kila Desemba. Sisi hatukuuliza, tuliona aibu kuonekana tunadai.

#16 Mtanga wa Hamburg

Hili la tiketi ya Desemba liandikwe kwa wino mwekundu. Mashirika ya huku yanagharamia semina za utamaduni siku kumi na mbili, tiketi moja ya mtoto haiwashindi.

#17 Kizito wa Keko

Mimi niliyekuja kuomba picha najisikia vibaya. Mama, kijana yuko wapi sasa?

#18 Mama Mbalaga

Usijisikie vibaya Kizito. Yuko sebuleni anaangalia mpira. Yuko chuo Mbeya, mwaka wa kwanza, amekuja wikiendi.

Ule mshumaa wa tatu niliuhifadhi miaka mitatu yote kwenye boksi la nyota, umefungwa kwenye leso. Nilikuwa na mpango wangu, nitampa mkesha wa mwaka huu, nitamweleza habari ya yule mzee wa trei. Jumamosi usiku umeme ukakatika. Nikasikia anapekua maboksi. Natoka chumbani nakuta ameuwasha, ameusimamisha kwenye kifuniko cha chupa, anatafutia chaja. Ulikuwa umeshaungua nusu. Akasema, "Mama, kumbe mna mishumaa mizuri hivi mnaficha."

Sikumwambia kitu. Utepe nimeuokota.

Nyota tumeiunga juzi, wote watatu, na yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu, wadogo zake wanampa maelekezo kwa Kijerumani ili asielewe. Imekaa sebuleni, barazani nimekataa kwa kuwa ni ya karatasi na mvua za Tukuyu mnazijua. Umeme wa kule na wa kwetu nguvu yake ni moja, plagi tu ndiyo tofauti. Tatizo balbu imeungua leo asubuhi. Ina shingo nyembamba, si hizi zetu nene wala zile za kuning'iniza kwa vipini viwili. Nimezunguka maduka ya Tukuyu yote wananiangalia kama nimeomba balbu ya meli. Mwenye kujua duka Mbeya mjini anisaidie, Majilio haya yasipite gizani.

#19 Fundi Taa

Shikamoo mama mchungaji. Hiyo ni balbu ya feni za dari na taa za mapambo. Nenda Mwanjelwa, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, usiombe kwa jina, chukua ile iliyoungua uwaonyeshe. Chukua ya LED, ya moto inaweza kuchoma karatasi. Na nunua mbili.

#20 Mama Mbalaga

Marahaba baba. Kijana anarudi Mbeya na basi la saa kumi, nimempa ile iliyoungua ameiweka mfukoni. Nimemwambia mbili.